Altrasaundi ishuke kwenye machela

Karibu na geti la hospitali nyingi za mijini, Tanzania na Kenya, mabango ya altrasaundi yanazidi kuongezeka. Lipo la duka la dawa lenye chumba cha nyuma, lipo la kliniki ya ghorofani, lipo la maabara iliyofunguliwa juzi. Picha ni ileile: tumbo la mama mjamzito na kichanga kilichojikunja kwenye kioo. Mchana kutwa watu huingia na kutoka na bahasha zao. Ikifika saa tatu usiku, mageti ya chuma yameshateremshwa.

Ng'ambo ya barabara, ndani ya hospitali, ndipo kazi inapoanza kuwa nzito. Chumba cha dharura kina msichana anayejishika tumbo, dereva wa bodaboda aliyegongwa na mzee anayehema kwa shida. Daktari wa zamu ana kipimo cha presha, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni na kalamu. Anaandika fomu ya altrasaundi. Chumba chenye mashine hiyo kiko mwisho wa korido na kimefungwa. Mtaalamu wake atarudi asubuhi, na kama leo ni Ijumaa, basi ni Jumatatu.

Hapo ndipo penye kosa. Altrasaundi si ya kliniki ya wajawazito peke yake, wala haifai kubaki chini ya ufunguo wa idara ya picha tu. Kila chumba cha dharura, kuanzia hospitali ya wilaya au kaunti ndogo kwenda juu, kinapaswa kuwa na mashine yake. Anayempokea mgonjwa, awe daktari, tabibu au muuguzi, afundishwe kuitumia palepale kando ya kitanda. Na mafunzo yatangulie ununuzi.

Wapo watakaoshangaa, kwa kuwa wamezoea kuambiwa kwamba mashine hii ni ya kutazama mtoto tumboni. Haikuanza hivyo. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskochi, walipochapisha makala yao maarufu, habari kubwa ilikuwa uvimbe wa tumbo. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mama aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe wa maji kwenye ovari, ukatolewa, mama akapona.

Ukanda mweusi kati ya ini na figo

Kazi ya mashine yenyewe ni ya sauti. Kichwa chake kikigusishwa ngozini hutuma mawimbi yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu huishia kwenye elfu 20 hivi. Mawimbi yakigonga ini, figo au mfupa hurudi, na mashine huyageuza kuwa picha papo hapo. Haina mionzi. Majimaji, ikiwemo damu, huonekana meusi. Mfupa huonekana mweupe na kuacha kivuli nyuma yake.

Chukua yule dereva wa bodaboda aliyeangukia usukani. Kwa nje ana michubuko tu. Anaongea, anaomba maji, anawahimiza jamaa zake wakaitafute pikipiki. Daktari anampaka jeli ubavu wa kulia, anaweka kichwa cha mashine kati ya mbavu na kukielekeza mahali ini na figo vinapokutana. Kwa mtu mzima wa afya viungo hivyo viwili vimelaliana bila nafasi. Kwa anayevuja damu ndani, ukanda mweusi hujitokeza katikati yao, mwembamba mwanzoni, kisha mpana. Daktari anahamia ubavu wa kushoto penye wengu, anashuka hadi kwenye kibofu, anamalizia chini ya chembe cha moyo kutazama kama damu imeuzunguka moyo. Ni sehemu nne, na kwa mkono uliozoea hazichukui zaidi ya dakika tano.

Ukanda ule ukionekana, mtu huyu anahitaji chumba cha upasuaji, si benchi la kusubiria eksirei. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na tumbo linaweza kuficha lita nzima na zaidi kabla ya macho kutambua kwamba limejaa. Presha nayo hudanganya, hasa kwa kijana mwenye moyo wenye nguvu: hukaa sawa, hukaa sawa, kisha huporomoka ghafla.

Au mchukue yule msichana. Hedhi imechelewa kidogo, ana maumivu upande mmoja chini ya kitovu, na ameanguka chooni. Nyumbani wameshasema ni chango, na bibi amechemsha mizizi. Zahanati ilimpa dawa za UTI. Mimba kutunga nje ya mji wa mimba hutokea katika mimba moja au mbili hivi kwa kila 100, na mrija ukipasuka mwanamke anaweza kufa ndani ya saa chache. Kipimo cha mkojo kitasema ana mimba. Altrasaundi itasema mji wa mimba ni mtupu na nyuma yake pamejaa damu. Majibu hayo mawili yakiwekwa pamoja, ni nani atakayethubutu kumwambia arudi Jumatatu?

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndani ya chumba cha dharura methali hiyo haina fumbo lolote.

Dripu si dawa ya kila mgonjwa

Katika familia nyingi, mgonjwa akishatundikiwa dripu ndugu hushusha pumzi. Sasa ameanza kutibiwa, husema. Chupa ikiisha huulizia nyingine, na muuguzi asiyeitundika huonekana hana huruma. Imani hiyo imekomaa kwa miaka mingi, na si ya ndugu wa wagonjwa peke yao.

Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza mkoani Tanga ikiwa mojawapo. Ulihusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haiwazunguki vizuri mwilini. Waliomiminiwa maji ya mshipa kwa kasi walikufa zaidi: asilimia 10.5 hivi ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya wale ambao hawakumiminiwa. Mwaka 2017 ukafuata wa Lusaka, Zambia, safari hii kwa watu wazima wenye maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Waliowekwa kwenye mpango wa maji mengi na dawa za kupandisha presha walikufa kwa asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33.

Tafiti hizo hazikuipima altrasaundi. Lakini mtu akizisoma hawezi tena kuichukulia dripu kuwa kitu kisichodhuru. Ni dawa, na dawa hutaka kujua inaingia kwa nani. Presha iliyoshuka kwa sababu ya kuhara inataka maji. Iliyoshuka kwa sababu moyo umechoka na kutanuka haiyataki. Iliyoshuka kwa sababu utando unaouzunguka moyo umejaa maji ya kifua kikuu inataka sindano ya kuyanyonya hayo maji, na haraka. Wagonjwa watatu wenye presha moja, jasho moja la baridi, mikono ileile ya baridi. Kwa macho na kipimo cha presha pekee watatendewa sawa.

Kando ya kitanda, kichwa cha mashine kikiwekwa kifuani huonyesha moyo unavyopiga: unakaza vizuri au unatetemeka tu, uko huru au umezungukwa na weusi. Mapafu nayo, ambayo kwa muda mrefu madaktari waliamini hayaonekani kwa altrasaundi kwa sababu yamejaa hewa, yana lugha yake. Yakiwa na maji, mistari myeupe hushuka wima kutoka juu hadi chini ya kioo na kucheza kila mgonjwa anapovuta pumzi. Hewa ikivujia nje ya pafu, ule mtelezo wa pafu dhidi ya ukuta wa kifua hutoweka. Daktari Daniel Lichtenstein wa Ufaransa alichapisha mwaka 2008 matokeo ya wagonjwa 260 waliofikishwa wakihema kwa shida: kwa kufuata mistari na mitelezo hiyo, altrasaundi ilitaja ugonjwa sahihi kwa asilimia 90.5. Mzee wetu wa machela ya tatu anahitaji hilo hasa. Je, ni nimonia au ni moyo? Dawa ya huyu si dawa ya yule, na akikosewa usiku kucha atalipia kwa pumzi zake.

Tumeshaifanya, tena vijijini

Hoja inayosikika haraka ni kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Si kweli. Katika miaka ya 1980, Turkana kaskazini mwa Kenya ilikuwa ikisumbuliwa na uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa, ugonjwa ambao viwango vyake huko vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Watafiti walibeba mashine ya altrasaundi hadi kwa wafugaji wanaohamahama, na mwaka 1987 walichapisha matokeo wakilinganisha picha hizo na vipimo vya damu. Kama mashine za enzi hizo zilifika kwenye maboma ya Waturkana, korido ya hospitali ya wilaya itaishindaje mashine ya leo?

Rwanda, katika hospitali mbili za vijijini, madaktari wasio wataalamu wa picha walifundishwa kwa wiki chache. Katika vipimo 345 vya mwanzo, mpango wa matibabu ulibadilika kwa asilimia 43 ya wagonjwa, na badiliko lililoongoza lilikuwa kuamua kumpasua mgonjwa. Yaani karibu nusu ya watu wangetibiwa vingine kama mashine isingekuwepo.

Mfano unaostahili kutazamwa zaidi uko Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, katika Hospitali ya Karoli Lwanga, Nyakibale. Pale wauguzi walipewa mafunzo ya ziada ya huduma ya dharura, altrasaundi ikiwa sehemu yake, kwa sababu daktari hawezi kukaa kwenye chumba hicho saa 24. Muuguzi alipiga picha, akaandika alichokiona na kuanza matibabu. Kisha picha hizo zilitumwa kwa intaneti kwa wataalamu wa mbali, wakazikagua na kumrudishia majibu: hapa umeona sawa, hapa umekosea, pima tena. Uzuri wa mpango ule uko kwenye marudio hayo, maana mtu anayepima bila kusahihishwa huzoea makosa yake hadi akayaona ni ujuzi.

Tanzania nayo haianzi sifuri. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa tiba ya dharura, ambao altrasaundi ya kando ya kitanda ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa wakati wa UVIKO-19 ulisaidia kujenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi za wilaya na mikoa. Kuta zipo, rangi bado mpya. Swali linalobaki ni nini kiko ndani yake saa nane za usiku, na kiko mkononi mwa nani.

Kenya, wahudumu wa afya 500, wengi wao wakunga, walipewa vifaa vya kushika mkononi vinavyochomekwa kwenye simu na kufundishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hatua hiyo ni kubwa. Lakini imelenga ujauzito, kama kawaida. Mkunga aliyeweza kujifunza kutambua kondo la nyuma lililokaa vibaya, kwa nini asiongezewe wiki za kujifunza kutafuta damu tumboni?

Wasiwasi wa wataalamu wa picha si wa bure

Wataalamu wa radiolojia wana neno lao, na lisikilizwe. Wamesoma miaka, na wanajua picha ya altrasaundi inavyoweza kumpoteza asiyeijua. Gesi ya utumbo huziba. Mafuta hufifisha. Kibofu kilichojaa huweza kudhaniwa ni damu na mtu aliyefundishwa kwa siku mbili hotelini. Hatari kubwa zaidi ni picha safi inayoleta utulivu wa uongo: damu inayovuja polepole haionekani dakika ya kumi, lakini huonekana saa moja baadaye, na aliyepima mara moja akaenda zake atamkuta mgonjwa amebadilika rangi.

Isitoshe, mashine haimtibu mtu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Amerika Kaskazini na Afrika Kusini kwa wagonjwa 270 waliofika dharura presha ikiwa chini bila kujeruhiwa. Nusu walipimwa kwa altrasaundi, nusu hawakupimwa. Baada ya siku 30 hakukuwa na tofauti ya walionusurika. Watetezi wa mashine hii wasiukwepe utafiti huo. Unaeleza kwamba kuona ni hatua ya kwanza tu. Kama hakuna damu kwenye benki ya damu, kama mtaalamu wa usingizi yuko kilomita 80, kama mafuta ya gari la wagonjwa yamekwisha, ukanda mweusi utaonekana vizuri sana na mgonjwa atakufa vilevile.

Kwa hiyo kinachodaiwa hapa si kumgeuza kila tabibu kuwa mtaalamu wa radiolojia. Anayepokea wagonjwa wa dharura anahitaji maswali machache yenye jibu la ndiyo au hapana. Kuna majimaji tumboni? Kuna majimaji kuuzunguka moyo? Moyo unakaza? Pafu linateleza? Mimba iko ndani ya mji wa mimba? Akishindwa kujibu aandike kwamba ameshindwa, na aitwe mwenye ujuzi zaidi. Mtaalamu wa radiolojia awe mwalimu na mkaguzi wa kazi hiyo, alipwe kwa ukaguzi huo, na picha zihifadhiwe ili aweze kuzipitia. Mpango wa aina hii unamwongezea heshima, haumpokonyi kazi.

Bei ya mashine na bei ya kutokuwa nayo

Kifaa cha kwanza cha mkononi cha kampuni ya Butterfly kiliporuhusiwa Marekani mwaka 2017, bei yake ilitangazwa kuwa chini ya dola 2,000. Mashine kubwa za hospitali hugharimu mara nyingi ya hapo. Bei hiyo imewavutia wengi, na wanunuzi wa serikali watakuja kuvutiwa pia. Wasome maandishi madogo. Vifaa vya namna hii huja na ada ya programu ya kila mwaka, simu au kompyuta kibao inayolingana navyo, na waya unaokatika. Anayenunua mashine bila bajeti ya mwaka wa pili amenunua pambo la kabati.

Hata jeli huisha, na ikiisha mashine nzima husimama. Hapa kuna habari ya kutia moyo: mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi na matabibu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Ethiopia waliandika jinsi walivyotengeneza jeli mbadala kwa kutumia vitu vya sokoni, ukiwemo unga wa muhogo wa ukanda wa Maziwa Makuu. Unga wa ugali! Hospitali isiyokuwa na bajeti ya jeli bado ina pa kuanzia, mradi anayepika jeli hiyo azingatie usafi na kichwa cha mashine kifutwe vizuri kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Sheria nazo ziandikwe kwa uangalifu. India, kwa lengo jema la kuzuia mimba za watoto wa kike zisitolewe, ilipitisha mwaka 1994 sheria kali ya kudhibiti vipimo vya kutambua jinsia, na mashine za altrasaundi zikawa za kusajiliwa kwa mahali na kwa mtumiaji. Madaktari wa dharura huko wamekuwa wakilalamika kwamba masharti hayo yanawafunga mikono kubeba mashine hadi kwa mgonjwa. Kwetu, mabaraza ya matabibu na wauguzi yaseme wazi nani anaruhusiwa kupima nini, kabla ya kesi ya kwanza kufika mahakamani na kuwatisha wote.

Na gharama kwa familia? Dereva wa bodaboda asiyejulikana kama anavuja damu hupewa rufaa kwa tahadhari. Gari la kukodi usiku, mafuta ya kwenda na kurudi, ndugu wawili wa kumsindikiza, chakula chao, malipo ya kipimo huko aendako. Mbuzi anauzwa, mkopo wa simu unachukuliwa, kibanda cha mama kinafungwa wiki nzima. Mara nyingine safari ile ilikuwa ya lazima. Mara nyingine mgonjwa angeweza kulazwa palepale na kupimwa tena kila baada ya saa mbili. Bila mashine hakuna wa kutofautisha, na familia inayolipia shaka ya daktari ni ileile isiyo na akiba.

Tanzania ina sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023. Kenya ilianza mfumo wake mpya wa bima ya jamii Oktoba 2024, ukiwa na mfuko mahsusi wa dharura na magonjwa makubwa. Wanaopanga viwango vya malipo waiweke altrasaundi ya kando ya kitanda ndani ya huduma ya dharura yenyewe, isidaiwe risiti yake kabla mgonjwa hajaguswa. Kipimo cha presha hakilipiwi dirishani kwanza. Hiki nacho kisilipiwe.

Fomu ya rufaa nayo iguswe. Leo nyingi zina nafasi ya joto, presha, mapigo ya moyo na sentensi moja ya historia. Iongezwe mistari ya altrasaundi: kilichoulizwa, kilichoonekana, saa ngapi, na jina la aliyepima. Daktari wa wilayani akiandika "majimaji tumboni, saa 7:40 usiku, mji wa mimba mtupu" na kupiga simu kabla gari halijawashwa, hospitali ya mkoa ina muda wote wa safari kuwaamsha watu wa chumba cha upasuaji na kutafuta damu ya kundi la mgonjwa. Akifika, machela ipitilize moja kwa moja.